Mgonjwa Huendewa

Kwetu kusini mwa Tanzania mgonjwa huendewa. Habari ikifika Newala kwamba mtu wa ukoo amelazwa hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, au kwa Wabenediktini pale Ndanda, hakiitwi kikao cha kuamua nani aende. Mtu anajaza uji kwenye chupa ya chai, mwingine anakunja mkeka, mjomba anatafutwa kwa simu kwa kuwa bila yeye hakuna neno zito litakaloamuliwa, na alfajiri gari linateremka ukingo wa uwanda wa Makonde. Waliofika wanakaa chini ya mti nje ya wodi. Saa ya kuona wagonjwa ikifika wanaingia wawili wawili, wanasimama kando ya kitanda, wanatoa pole, kisha wananyamaza. Mara nyingi hawana la kufanya zaidi ya kuwapo. Lakini asiyekuja atakumbukwa kwa kutokuja kwake hata baada ya mgonjwa kupona.

Dini zetu mbili zimeliweka jambo hili mahali pazito kuliko mila. Waislamu wa Newala wanaijua hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, ambamo Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama anamwuliza mja kwa nini hakumjulia hali alipougua. Mja anashangaa, Mola wa viumbe wote anauguaje? Naye anaelezwa kwamba fulani aliugua, na lau angemwendea, angemkuta Mungu hapo hapo. Wakristo wa Masasi wanakutana na habari inayofanana nayo katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo. Nimelitafakari hili kwa miaka mingi na bado linanitia hofu. Watu wanaosali katika nyumba tofauti, wakielekea pande tofauti, wanaambiwa neno moja kuhusu kitanda kile cha chuma chenye shuka la wodi: aliyelala pale hayuko peke yake.

Kuna mgeni mmoja wa kitandani ambaye hatumhesabu miongoni mwa waliokuja kujulia hali, nami nataka nimfikirie taratibu. Ni mashine ya eksirei yenye magurudumu.

Mgonjwa mahututi hawezi kupelekwa chumba cha picha. Amezungukwa na mipira: mmoja wa oksijeni au wa mashine ya kupumulia, mwingine wa kulishia kupitia puani, dripu mkononi, mpira wa mkojo, labda na mmoja uliotobolewa ubavuni ili kutoa maji au hewa. Kumpandisha kwenye machela, kumpitisha kwenye korido, kumhamishia mezani na kumrudisha ni safari inayoweza kuwa ya mwisho. Shinikizo la damu linashuka, mpira unachomoka, mtungi wa oksijeni unaishia njiani. Kwa hiyo picha ndiyo inayomfuata.

Watu wa uwandani wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ya mchanga inanywa mvua yote, na kwa vizazi wanawake waliteremka hadi chemchemi za chini ya ukingo, kisha wakaupanda mlima tena na maji kichwani. Katika miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ulianza kuyasukuma maji kwa pampu kuyapandisha juu. Tangu hapo Newala inajua tofauti kati ya neema unayoifuata mpaka nguvu zikuishie na neema inayopandishwa ikufikie ulipo.

Tukae kwanza na kitendo chenyewe, kwa maana kina utulivu wake. Mtaalamu wa mionzi anaingia akisukuma mashine yenye mkono mrefu uliokunjwa. Anashika sahani ya picha, bapa na ngumu, iliyovalishwa mfuko safi. Wauguzi wawili wanamwinua mgonjwa kwa pamoja, sahani inapita chini ya mgongo, kichwa cha kitanda kinainuliwa kadiri hali inavyoruhusu. Nyaya za kifuani zinasogezwa. Kama shingoni kuna hirizi au rozari, mwenye adabu haikati. Anaisogeza begani na kuirudisha baadaye. Kisha mkono wa mashine unanyooshwa juu ya kifua, kiasi cha mita moja. Mtu mzima wa afya angesimama, angekumbatia sahani kwa kifua, mashine ikiwa mita 1.8 nyuma yake, angeambiwa vuta pumzi, bana. Huyu hawezi kuambiwa. Muuguzi anatazama mashine ya kupumulia inavyojaza mapafu, na mapafu yanapojaa anasema: sasa. Wote wamekwisha rudi nyuma, kwa sababu mionzi hupungua upesi kadiri unavyoachana na chanzo. Aliye mita mbili anapata robo ya kile ambacho angepata akiwa mita moja. Aliyevaa aproni ya madini ya risasi anabaki karibu zaidi ikibidi. Panasikika mlio mdogo, na ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kazi imekwisha.

Katika wodi moja ya kusini nilimwona kijana wa kazi hii akimkaribia bibi aliyelazwa usingizi kwa dawa. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema, "Shikamoo bibi. Naomba nikuwekee kitu mgongoni, kina baridi kidogo." Bibi hakuitikia, na wote mle ndani tulijua hangeitikia. Kijana alingoja muda ambao marahaba ingeuchukua, ndipo akaendelea. Sijui alifundishwa na nani. Ninachojua ni kwamba kwa muda ule mfupi bibi yule alirudishiwa umri wake, wajukuu wake na haki yake ya kuombwa ruhusa ndani ya mwili wake mwenyewe. Ningependa kila mwanafunzi wa mionzi nchini amwone kijana yule kabla ya kugusa swichi yoyote.

Picha inapotokea kwenye kioo, jambo la kwanza la kutafakari ni rangi. Mionzi hupita kwenye hewa karibu bila kuzuiwa, kwa hiyo penye hewa panakuwa peusi. Mfupa huizuia, nao unakuwa mweupe. Maji, damu na usaha hukaa katikati, lakini vikijaa mahali pa hewa huleta wingu jeupe. Pafu zima basi ni jeusi. Kichomi kinapaka weupe. Moyo ukishindwa kazi, maji yanarudi mapafuni na weupe unatanda kutoka katikati kwenda pembeni. Pafu lililozama kabisa ni jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Sisi tuliokulia kwenye mahubiri na mawaidha tumezoea kuupa mwanga wema wote na kuliachia giza mabaya yote. Mbele ya picha ya kifua mazoea hayo hayafai kitu. Kile cheusi ndipo pumzi inapopita. Ni nafasi tupu ambayo Muumba ameiacha ndani ya kila mmoja wetu, isiyo na hazina yoyote, inayopokea na kurudisha, inayopokea na kurudisha, tangu kilio cha kwanza. Mtu akijazwa pale mahali pake patupu, hata kwa maji yake mwenyewe, anakufa. Nimewahi kuitazama picha ya pafu zima kwa muda mrefu, nikafikiri juu ya mambo yote tunayoyajaza vifuani na kuyaita utajiri.

Na ni kivuli. Wataalamu wenyewe wanalikumbuka hilo kila siku, nao ni wanyenyekevu kuliko sisi tunaokimbilia kusema "picha imeonyesha." Kwa kuwa moyo umekaa mbele ya kifua, mionzi ikiingia kutoka mbele na sahani ikiwa mgongoni, tena mashine ikiwa karibu namna ile, kivuli cha moyo kinakuwa kikubwa kuliko moyo. Mtu angeweza kuambiwa moyo wake umetanuka, kumbe kilichotanuka ni kivuli. Maji yaliyozunguka pafu, kwa mtu aliyesimama, hushuka chini na kuchora mstari unaoeleweka. Kwa aliyelala chali hutandaa nyuma ya pafu lote na kuacha ukungu tu. Hewa iliyovuja nje ya pafu, ambayo kwa aliyesimama ingepanda juu begani, kwa huyu hukusanyika mbele na chini ya mbavu, mahali ambapo jicho la haraka halitafuti. Hata kunjo la ngozi ya mgongo juu ya sahani linaweza kujifanya ukingo wa pafu lililosinyaa. Udhaifu wenyewe wa mgonjwa, ule unaomfanya aendewe, ndio unaoifanya picha yake iwe ngumu kusomwa. Hili nalo ni la kutafakari: tunamwona vibaya zaidi yule anayehitaji zaidi kuonekana.

Hata hivyo kivuli hiki kinaokoa. Mpira wa kupumulia ukisukumwa mbali mno huingia tawi la kulia la koo la hewa, kwa kuwa tawi hilo ni pana na limenyooka kuliko la kushoto. Pafu la kulia linapulizwa kupita kiasi na la kushoto linalala. Ncha ya mpira inatakiwa iishie sentimita chache juu ya njia panda hiyo, na picha ya kitandani inaionyesha. Mpira wa kulishia nao unaweza kupotea, ukapita njia ya hewa badala ya njia ya chakula, bila mgonjwa aliyelala kukohoa wala kulalamika. Picha moja kabla ya kumimina uji, na uji hauingii mapafuni. Fikiria shangazi aliyekoroga uji ule Newala saa tisa za usiku, akaufunga kwenye kitambaa ili usipoe. Upendo wake ungeweza kuua kwa kosa la sentimita chache, na hakuna ambaye angejua.

Kuna chombo kingine cha kitandani, kidogo zaidi, ambacho akina mama wa Masasi na Newala wanakijua kwa kazi nyingine: altrasaundi, kile kipimo cha mimba. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba mawimbi yake ya sauti hayana kazi kwenye mapafu, kwa vile hewa huyarudisha. Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi huko Ufaransa, hakukubali. Alijifunza kusoma hata yale mawimbi yanayorudishwa, na mwaka 2008 alitoa matokeo ya wagonjwa 260 walioshindwa kupumua ghafla. Kwa utaratibu wake wa kupima kifua, sababu ya ugonjwa ilipatikana kwa usahihi kwa takriban asilimia 90 yao. Pafu kavu linaonekana likiteleza dhidi ya ukuta wa mbavu, pumzi kwa pumzi. Pafu lenye maji linaangusha mistari ya wima kwenye kioo. Maji yaliyojificha nyuma ya pafu, yale ambayo eksirei ya mtu aliyelala chali inayaona kama ukungu, hapa yanaonekana wazi. Hakuna mionzi, na daktari hawezi kukimbilia mita mbili nyuma. Lazima amguse mgonjwa, apake ile jeli ya baridi inayoteleza, abaki hapo mkono juu ya mbavu. Ninaipenda sana sehemu hiyo ya kazi, ile ya kulazimika kubaki.

Nchi yetu ya kusini ina sababu zake za kuwa makini na suala la kutazamwa, nami siwezi kuliandika jambo hili bila kurudi nyuma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapitia Lindi, akakusudia nchi za karibu na ziwa Nyasa. Kundi hilo liliishia Masasi, chini ya milima ile ya mawe, na hapo misheni ikaanza. Miaka mitatu tu kabla yake soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Katika masoko ya namna ile mnunuzi alikagua mwili wa mtu: meno, mikono, kifua kama kina nguvu au kikohozi. Walioijenga Masasi ya misheni walikuwa wamewahi kutazamwa hivyo, au wazazi wao. Walijua jinsi jicho linavyoweza kupita juu ya kifua cha mtu likitafuta bei.

Kisha mwaka 1906, moto wa vita vya Maji Maji ukiwa bado haujapoa kusini, alikuja Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alipita Masasi, akakaa Newala, akafika Mahuta. Alikuwa na kamera, mashine ya kurekodi sauti na mashine ya filamu. Alichukua sura za watu, nyimbo zao na ngoma zao, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1908. Alikuwa mdadisi na mwenye bidii, na mengi tunayoyajua juu ya siku zile tunayajua kwa kazi yake. Lakini zile sura zilipanda meli. Mwanamke wa Newala aliyesimama mbele ya kamera hakuandikiwa barua ya kumweleza kilichoonekana. Picha ile haikuwa kwa ajili yake.

Eksirei yenyewe, ilipoingia pande hizi za Afrika, ilifika ndani ya mizigo ya jeshi. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hiyo huko Würzburg Novemba 1895, akakataa kuichukulia hataza ili kila mtu anufaike. Kabla ya miaka mitatu kuisha, mwaka 1898, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye John Battersby alikuwa nayo Sudan, kando ya mto Nile, akizalisha umeme kwa baiskeli ya watu wawili, ili atafute risasi ndani ya miili ya askari wa upande wake. Naliheshimu jasho la wale waliokanyaga pedali katika joto lile. Najua pia kwamba majeruhi wa Sudan waliobaki mchangani upande wa pili hawakuwa na mashine ya kuwajulia hali.

Ndiyo maana ile sahani inayopita chini ya mgongo wa bibi, hapa kusini, ninaiona kuwa kitu kikubwa kuliko kifaa. Kifua kile kile kilichowahi kukaguliwa kwa bei, sura ile ile iliyowahi kubebwa hadi Leipzig, sasa vinatazamwa kwa ajili ya mwenyewe. Faida yote ya kutazamwa inarudi kitandani. Angalau ndivyo inavyopaswa kuwa, na kazi yetu ni kulinda iendelee kuwa hivyo.

Kulinda huko kuna masharti, na la kwanza ni ruhusa. Wakristo wanamkumbuka mtume Tomaso na ubavu uliotobolewa. Tunasahau kwamba aliyejeruhiwa ndiye aliyemkaribisha. Watoto wa madrasa Newala wanaisoma kwa moyo sura ya 94 ya Kurani, inayokumbusha neema ya kufunguliwa kifua, na anayefungua pale ni Mungu mwenyewe. Kifua si mlango wa kusukuma. Mgonjwa asipoweza kusema, yupo mjomba nje chini ya mti, na kwa ndugu zetu wanaofuata ukoo wa mama hapa kusini, yeye ndiye sauti. Aitwe. Aambiwe kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao kama kuna muuguzi anayekijua: tunataka kutazama mapafu, mionzi yake ni kidogo, sawa na ile ya asili ambayo mwili hupata kwa siku chache kutoka angani na ardhini. Halafu, baada ya picha, aambiwe kilichoonekana. Nimekutana na familia zilizokaa siku kadhaa chini ya mti zikijua tu kwamba "amepigwa picha." Kwa familia hizo picha haina tofauti na ile iliyopanda meli.

Sharti la pili ni swali. Mgeni mwema hamzuru mgonjwa mara kumi kwa siku, wala haji bila sababu. Katika nchi tajiri ilikuwa desturi kumpiga picha ya kifua kila mgonjwa wa mashine ya kupumulia kila asubuhi, aliyebadilika na asiyebadilika. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka vyumba 21 vya wagonjwa mahututi nchini Ufaransa: picha zilipopigwa tu pale daktari alipokuwa na swali la kujibiwa, idadi yake ilipungua kwa asilimia 32, na wagonjwa hawakudhurika kwa hilo. Kwetu tatizo limekaa kinyume. Mara nyingi swali lipo na picha haipo. Lakini funzo la Ufaransa linatufaa kabla mazoea hayajatufikia. Tazama ukiwa na swali: mpira umekaa wapi, homa hii mpya ya usiku imetoka pafu gani, kwa nini oksijeni imeshuka ghafla? Kutazama bila swali ni kupita tu kitandani.

Maswali ya vifua hayajawahi kukosekana huku. Kila mwaka wakati wa kupulizia mikorosho, salfa inayozuia ubwiri unga inatanda mashambani kama vumbi la manjano, na wenye vifua vibovu wanaijua siku hiyo kabla ya kuamka kitandani. Upo moshi wa majiko ya kuni. Kipo kifua kikuu, ambacho kimekaa nasi muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote aliye hai. Sasa kompyuta nazo zinasaidia: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu zitumike kusoma picha za kifua ili kutafuta dalili za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote, maana madaktari bingwa wa kusoma picha ni wachache na wengi wao wako mijini. Naomba tu watunga sera waulize mapema: picha za vifua vya Masasi na Newala zinazotumwa kwa njia ya mtandao zinahifadhiwa wapi, zinamfundisha nani, na anayefundishwa anamrudishia nini mwenye kifua? Ni lile swali la mwaka 1906, limevaa nguo mpya.

Yapo yaliyofanyika, na haki itendeke kuyataja. Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyefika Lulindi mwaka 1935, alitibu watu wa wilaya ya Masasi kwa miaka mingi, akawa raia, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao nchi ilipata mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19, sehemu ilikwenda kwenye majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za eksirei katika hospitali za ngazi ya chini. Mtwara sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Haya ni mambo makubwa, na yeyote aliyewahi kumpakia mgonjwa kwenye gari kwenda Dar es Salaam anajua ukubwa wake.

Lakini kutoka Newala hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita mia moja, na mgonjwa asiyeweza kuvuka korido hawezi kuvuka Tandahimba. Mashine iliyofungwa sakafuni katika chumba cha picha, hata ikiwa mpya na bora, haimfikii yeye. Inayomfikia ni mashine yenye magurudumu, yenye betri inayodumu umeme ukikatika, pamoja na altrasaundi iliyowekwa wodini badala ya kufungiwa kabatini kliniki ya wajawazito ikifungwa, na mtu aliyefundishwa anayelipwa kuwapo saa nane za usiku. Bila huyo wa mwisho vilivyotangulia ni chuma.

Wewe ndugu unayekaa nje chini ya mti, daktari akipita, msimamishe kwa heshima umwulize: mmemtazama kifua, mmeona nini, na mmebadilisha nini kwa sababu ya mlichokiona? Hakuna daktari mwema atakayekasirika. Na wewe diwani, mjumbe wa bodi ya hospitali, mchungaji au sheikh unayealikwa kwenye vikao vya afya Masasi na Newala, beba swali moja kwenye kikao kijacho na usikubali lipite bila jibu lililoandikwa: mgonjwa aliye kwenye oksijeni na asiyeweza kuhamishwa, usiku wa leo, nani ataileta picha kitandani kwake?